Fairmont ya Boniface na Majani ya Barabarani

Hapa Greyville, mtaa wa Durban, Afrika Kusini, ukiuliza kwa nini mkono wa kushoto wa mume wangu haunyanyuki kupita bega, utapewa hadithi za kila aina. Wengine watakuambia ni majambazi. Wengine watasema ni wale wanaotuchukia wageni. Kuna dada mmoja wa saluni, jina lake nalihifadhi kwa heshima ya mama yake, anaeneza kwamba ni mimi niliyemvunja, eti sisi wanawake wa Rombo tunapiga waume zetu. Jamani! Nimepiga watu kadhaa maishani na sijutii hata mmoja, lakini Boniface sijawahi kumgusa. Boniface alipigwa kwa sababu ya majani. Majani ya mti, haya haya yanayoliwa na mbuzi. Nilikuwepo, na jino langu moja lilibaki pale pale, kwa hiyo nisikilizeni mimi, Sia, mke wake, msisikilize saluni.

Kwanza mjue ni mtu wa namna gani. Boniface ni wa Kibosho, mpole mpaka anakera. Ukimkanyaga mguu, anayeomba radhi ni yeye. Tulipooana mama yangu alinivuta pembeni akasema, huyu utamla mifupa, mhurumie. Nikamwambia mama, nitajitahidi. Sikumla. Ila nimegomba naye sana, maana kugomba na mtu asiyejibu kunachosha, unajikuta unaongeza sauti kama unaongea na ukuta.

Kazi yake ilikuwa malori, Dar es Salaam mpaka Tunduma, kwenda na kurudi. Anayeijua njia ile anaujua mlima Kitonga. Siku moja, akiwa bado kijana, alikuwa anapanda Kitonga na gari lake, akakuta basi limeingia chini ya lori lililokufa kwenye kona. Dereva wa lile lori hakuwa ameweka majani. Alikwenda kutafuta fundi, akaliacha lori lake limekaa katikati ya njia bila alama yoyote. Boniface ndiye aliyefika wa kwanza. Alitoa watu kwa mikono yake, wengine wakiwa wazima, wengine vipande. Alimtoa mwanamke aliyekuwa anaongea naye vizuri tu, anamuuliza mtoto yuko wapi, halafu akanyamaza katikati ya neno. Hayo alinisimulia mara moja, siku ya msiba wa baba yake, na hakuyarudia tena.

Tangu hapo ni ugonjwa. Gari likisimama mahali pabaya, liwe lake au la mtu asiyemjua, Boniface anashuka na panga, anakata matawi, anayapanga barabarani, la kwanza mbali kabisa, mengine yakifuatana kulisogelea gari, ili anayekuja apunguze mwendo mapema. Kwetu hata mtoto wa chekechea anajua maana yake. Hapa Durban nilimwambia mara nyingi, Baba Matilda, watu wa huku wana pembetatu nyekundu, nunua pembetatu. Alikuwa nayo, akamwazima jirani, haikurudi. Hata ingerudi, haiamini. Anasema pembetatu inaonwa na aliyefundishwa, tawi linaonwa na kila mtu. Ndiyo hivyo, kichwa kikishashika kitu, hata umwage maji ya moto hakiachii.

Huku alipata kazi Mobeni, kwenye gereji ya kunyoosha bodi za magari, ya mzee mmoja Mhindi, mzee Pillay. Ndani kabisa ya gereji, chini ya turubai, kulikuwa na Fairmont ya mwaka sabini na moja. Gari la familia, refu, pana, milango minne, la kubuniwa Australia. Mzee Pillay alipenda kueleza jinsi gari hizo zilivyokuja kwa vipande melini zikaungwa hapa Afrika Kusini, na jinsi baba yake alivyolinunua likiwa jipya ili ampeleke mkewe pwani Jumapili. Sasa panya walikuwa wamezaa ndani ya kiti cha nyuma. Mzee alipougua akafunga gereji, akamwambia Boniface alichukue, wanawe wangeliuza kama chuma chakavu.

Boniface akalileta kwa kulivuta. Nililia. Nilimwambia sina mahali pa kulala na kaka yangu anakuja, wewe unaniletea kaburi la panya. Jumamosi baada ya Jumamosi alikuwa chini ya gari hilo, miguu tu ndiyo inaonekana, na majirani wakanitania kwamba nimeletewa mke mwenza wa bati. Halafu siku moja likawaka. Silinda sita, mlio mzito, wa kutulia, hata madirisha ya flati yaliitikia. Kiti cha mbele kilikuwa kimoja, kirefu kama benchi la kanisa, tunakaa watatu bila kubanana. Alilipaka rangi ya chai ya maziwa. Nikaingia, nikakaa, nikakunja nne. Mke mwenza nikamsamehe.

Gari zuri Durban ni balaa. Jumapili moja mchana, tumesimama kwenye robot, ndivyo wanavyoziita huku taa za barabarani, vijana wawili wakaja, mmoja akaingiza mkono wenye kisu dirishani kwangu akisema tushuke. Boniface tayari alikuwa anafungua mlango, anawaambia sawa, kaka, polepole. Mimi nikaona giza. Nikaung'ata ule mkono mpaka nikahisi mfupa, kisu kikaniangukia mapajani, nikakichukua nikamchana nacho hapo hapo, kuanzia kiganjani mpaka karibu na kiwiko. Alilia kama mtoto. Mtu mzima hatishiwi nyau. Boniface alitapika njia nzima mpaka nyumbani kwa kuona ile damu, na mimi ndiye niliyemshikia kichwa.

Basi, gari likawa la maharusi. Kanisani kwetu Warundi ni wengi kuliko sisi, na Warundi wa hapa walilipenda mno. Bibi harusi asiposhuka kwenye Fairmont ya Boniface, arusi ilionekana ina kasoro. Yeye mwenyewe alikuwa anavaa suti, anafunga utepe mweupe puani mwa gari, anaendesha kama amebeba mayai. Nadhani ndiyo furaha kubwa zaidi aliyowahi kuwa nayo, na nilimwonea wivu kidogo, maana mimi sikuwa na kitu changu cha kupenda hivyo.

Siku ninayoisema alikuwa anaolewa Ninahazwe, binti mpole wa Kirundi anayeuza nguo sokoni. Ukumbi ulikuwa Westville, karibu na chuo. Msafara wa magari ulitangulia, sisi tukabaki nyuma kwa sababu ya nywele za bibi harusi, mambo ya kawaida. Ndani tulikuwa wanne. Boniface kwenye usukani, mimi kando yake, nyuma bibi harusi na shangazi yake, Constance, mama wa kunyooka kama mlingoti, Mrundi aliyekulia Uvira, Kongo, na Kiswahili chake ni cha huko.

Westville ni miti na kuta ndefu. Humwoni mtu anatembea, kila mmoja yumo ndani ya gari lake. Kilima chote Fairmont ilipanda vizuri. Tulipofika juu na kuanza kuteremka, tukiwa tunaingia kwenye kona, mpira wa rejeta ukapasuka. Mvuke ulifunika kioo chote, injini ikazima, Boniface akakanyaga breki kwa miguu yote miwili. Tukasimama hapo hapo penye kona, upande mmoja ukuta, upande mwingine mtaro. Kuliachia gari liteleze chini bila injini hakuthubutu, breki zake zingeshindwa. Kulisukuma kurudi kilimani hatungeweza. Taa za kuwaka na kuzima gari la umri huo halina. Anayekuja nyuma yetu asingetuona mpaka amefika mgongoni.

Boniface akatuambia tushuke. Constance akakataa kabisa. Mvua ilikuwa imetoka kunyesha, mtaro umejaa tope, na akasema bibi harusi hawezi kusimama mu njia kama mtu anangojea taxi, Gaël wa msafara iko njiani anarudi kutuchukua. Boniface hakubishana. Alisema basi aweke majani kwanza, halafu atutoe sote, tope au si tope. Akachukua panga kwenye buti. Kulikuwa na mti mkubwa uliochungulia juu ya ukuta wa jumba moja. Akaanza kukata. Nilimwona kwenye kioo cha nyuma, na suti yake, anaburuta matawi kupanda kilima, anayalaza barabarani moja baada ya jingine, anarudi, anakata tena.

Sasa nieleze jambo ambalo sisi hatukulijua, na laiti tungelijua. Huku watu hawaweki majani kwa kuonya. Huku matawi yakilazwa barabarani, yanafuatwa na mawe, mawe yanafuatwa na matairi, matairi yanafuatwa na moto. Tangu zile siku za uporaji, maduka yakichomwa na malori yakiteketea, mitaa kama ile ililala na bunduki. Mwenye jumba aliona kwenye kamera zake mtu mweusi ana panga anafunga njia. Akaita walinzi wa doria.

Walikuja wawili na gari lao la doria, wakalisimamisha upande wa chini. Mmoja mnene, shingo na kichwa kipimo kimoja, ndiye mkubwa. Wa pili kijana mwenye ndevu. Na mwenye jumba naye akatoka na fimbo ya kuchezea gofu. Boniface alipowaona alitabasamu. Ninawaapia, alitabasamu, alidhani wamekuja kumsaidia. Aliwanyooshea mkono kuwaonyesha gari, na mkono huo ulikuwa na panga.

Yule mnene alimpiga na kitako cha bastola kwenye paji la uso. Boniface akaenda chini kwa magoti. Akapigwa tena, nyuma ya kichwa, akalala kifudifudi. Kijana mwenye ndevu alimpiga teke mbavuni, akarudia, akarudia, na kila teke lilikuwa na sauti ya mtu anayepiga godoro. Boniface akanyoosha mkono wa kushoto kujikinga kichwa. Mwenye jumba akaupiga na ile fimbo. Nilisikia mfupa ukivunjika nikiwa ndani ya gari, vioo vimefungwa.

Nilifungua mlango. Yule mnene akanielekezea bastola, akapiga kelele kwamba wote tukae ndani, anayetoka anakufa. Bibi harusi alianza kulia kimya kimya. Constance akashika rozari. Na mimi, niliyemchana mtu kwenye robot, nilirudisha mguu ndani. Bastola si kisu. Walimuuliza Boniface petroli iko wapi, matairi yako wapi, nani amemtuma. Alikuwa na kiatu cha mtu shingoni. Kijana mwenye ndevu akaanza kuyaokota matawi na kuyatupa mtaroni. La juu kabisa kilimani ndilo alilolianza.

Hapo Boniface akabadilika. Watu wote wa kanisa letu hawajawahi kumsikia akipaza sauti, na mimi pia. Alipiga yowe. Alikuwa anauma lami kwa meno, damu inamjaa machoni, anayapigia kelele majani. Kwa Kiingereza chake kile kibovu aliwaambia wampige watakavyo, lakini majani wayaache. Yule mnene akamkandamiza zaidi. Kijana akatupa tawi la mwisho. Barabara ikabaki tupu, nyeusi, inameremeta kwa mvua. Ndipo Boniface akageuza shingo chini ya kile kiatu, akanitafuta mimi, akasema kwa Kiswahili:

"Sia, watoe watu ndani ya gari."

Hakuniita Mama Matilda. Maisha yetu yote ya ndoa ananiita Mama Matilda. Nilimwelewa pale pale. Yule mwanamke wa Kitonga aliyenyamaza katikati ya neno alikuwa ndani ya sauti yake, na aliyefuata nilikuwa mimi, na binti wa watu aliyevaa shela.

Sikufikiri tena bastola. Chini ya kile kiti kirefu hukaa spana ya matairi. Niliishika nikatoka, nikafungua mlango wa nyuma, nikamkamata Ninahazwe mkono nikamvuta kama gunia. Gauni lilinasa kwenye mlango likachanika kuanzia kiunoni. Alipiga kelele, Constance akanipiga kofi, nikamvuta naye kwa kilemba. Mnene alifyatua risasi hewani. Masikio yakaziba. Kijana mwenye ndevu akanijia mbio, akanikamata shingoni, nikampiga na spana kwenye goti. Akanirudishia ngumi ya mdomo. Ndilo jino ninalowaambia. Nikampiga tena, safari hii begani, na niliona raha, sitadanganya, niliona raha ya kweli. Aliteleza akaanguka. Nikawaburuta wale wawili kuvuka barabara, tope magotini, tukajibana ukutani. Ninahazwe amebaki na kiatu kimoja.

Mnene alikuwa ananifuata, ananitukana mama yangu. Kijana akainuka anachechemea, amepandwa na hasira, anasema atanionyesha, atatoa hiyo petroli yetu. Akajitumbukiza kwenye kiti cha nyuma cha Fairmont, miguu nje, anatupa vitu: mkoba wa Constance, maua, sanduku la viatu. Boniface, sasa hana wa kumkanyaga, alikuwa ametambaa kwa mkono mmoja mpaka ukingoni. Alimwita yule kijana. Alimwita kaka. Alimwambia toka, kaka, toka humo.

Lori lilikuwa la matofali. Lilitokea juu kwenye kona likiwa na mwendo, na dereva alipotuona alikuwa tayari ametufikia. Nilisikia matairi yakilia. Likaipiga Fairmont nyuma, likaisukuma mpaka kwenye gari la doria, na buti ya gari ile niliyoililia na kuisamehe ikaingia mpaka kwenye kiti cha nyuma. Matofali yalimwagika barabara nzima. Lori likalala ubavu, limeziba upande wetu wote.

Halafu tukamsikia kijana. Alikuwa hai. Alikuwa amebanwa kuanzia kiunoni, katikati ya viti, anamwita mama yake kwa Kizulu. Mama ni mama tu kwa lugha zote, ningependa nisingelielewa lile neno. Nilisimama pale na spana mkononi na damu kidevuni, na nikasema moyoni, acha alie. Nilisema hivyo. Boniface hakuinuka kwa ajili yangu, alijiinua kwa ajili ya kijana yule. Alijivuta mpaka dirishani, mkono mmoja unaning'inia umegeukia nyuma, akaingiza ule mzima, akamshika yule kijana kichwa ili asitazame chini kwenye miguu yake.

Gari dogo likatokea juu kwenye kona, likaserereka, likakwepa lori kwa upana wa kiganja, likapita. Dereva wa lori alikuwa bado anatoka kwa kupitia kioo. Mwenye jumba alikuwa ameketi chini mlangoni kwake, anaitazama ile fimbo. Mnene alikuwa anavuta mlango wa Fairmont, uliobamizwa ukajikunja, kwa mikono miwili, analia, anaita jina la kijana wake. Mlango haukutikisika.

Boniface akamwambia, taratibu, kama anavyoongea siku zote:

"Acha mlango. Kaweke majani. Kijana wako yumo ndani."

Alisema kwa Kiingereza, mnene akamwelewa. Alimtazama Boniface usoni, uso aliouvunja mwenyewe. Bastola aliirudisha kiunoni. Akatembea mpaka pale panga lilipoangukia, akaliokota, akauendea ule mti. Hakujua kukata. Alikuwa anapiga tawi katikati, linapinda, linamrukia, analivuta kwa uzito wa mwili wake, anapasua ngozi ya viganja. Alilaza la kwanza karibu mno, Boniface akamwambia mbali, mbali zaidi, kule juu. Akalibeba mbio kupanda kilima, na lile tumbo lake, akarudi kukata jingine.

Nilimtazama nikamchukia. Ningekuwa na nguvu ningemmaliza na ile spana pale pale, amenipa mgongo, wala asingejua kimempiga nini. Ninamchukia mpaka leo, na nikiambiwa nisamehe huwa natoka kanisani. Lakini alikata tawi kubwa kuliko uwezo wake, likamshinda kuvuta, na nilisikia gari jingine linapanda kilima. Nikaitupa spana, nikashika upande wa pili, tukaliburuta.